Seva mbili, ghala moja: Kibao kikielekeza kusiko, fedha zako ziko wapi?

TAREHE 1 Oktoba, 2020 wawekezaji waliotaka kununua au kuuza hisa katika Soko la Hisa la Tokyo, Japani, walikaa siku nzima bila kufanya biashara. Hapakuwa na vita, tetemeko la ardhi wala mgomo wa wafanyakazi. Kipande cha kumbukumbu ndani ya mtambo wa kuhifadhi data kilikuwa kimeharibika saa 1:04 asubuhi kwa saa za huko, takriban saa mbili kabla ya soko kufunguliwa. Mtambo wa pili, ambao ulinunuliwa kwa ajili ya siku kama hiyo, ulikuwepo na ulikuwa mzima. Lakini haukupokea kazi.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa soko hilo kusimama kwa siku nzima kwa sababu ya hitilafu ya mitambo tangu lilipoacha biashara ya ukumbini na kuhamia kwenye kompyuta moja kwa moja mwaka 1999. Masoko madogo ya Nagoya, Sapporo na Fukuoka, yanayotumia mfumo huo huo, nayo yalifungwa. Biashara ilirejea kesho yake, lakini gharama haikuishia hapo. Tarehe 30 Novemba mwaka huo mamlaka ya fedha ya Japani ilitoa amri ya kulitaka soko lirekebishe kasoro zake, na siku hiyo hiyo mkuu wa soko, Koichiro Miyahara, alijiuzulu.

Msomaji wa ukurasa huu anaweza kusema kwamba Tokyo ni mbali na mambo ya seva ni ya mafundi. Sivyo. Masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam yaliingia kwenye biashara ya kompyuta mwaka 2006, na mwaka uliofuata M-Pesa ikaanza Kenya. Leo mwenye duka la jumla, wakala wa fedha, mwanachama wa SACCOS na mwenye hisa mia mbili wote wanategemea mashine ambazo hawazioni. Anayeweka fedha zake mahali ana haki ya kujua zinalindwa vipi, hata kama hatagusa kompyuta hizo maisha yake yote.

KLASTA NI NINI?

Tuanze na jambo rahisi. Benki, soko la hisa au kampuni ya mtandao haiwezi kutegemea kompyuta moja, kwa kuwa kila mashine huharibika siku moja. Kwa hiyo hununua mbili au zaidi na kuzifunga pamoja ziwe kundi moja, ambalo mafundi huliita klasta. Katika mpangilio wa kawaida wa seva mbili, moja huwa kwenye zamu na nyingine huwa ya akiba. Ya zamu ikianguka, ya akiba huchukua kazi, na mteja huenda asione zaidi ya kusubiri kidogo.

Wazo hili si geni. Kampuni ya Digital ya Marekani ilitangaza klasta zake mwaka 1983, na miaka ya 1990 teknolojia hiyo ilishuka bei hadi ikafika kwenye kompyuta za kawaida za ofisini. Leo hata taasisi ndogo inaweza kujenga klasta kwa programu za bure zinazotumika kwenye Linux, kama vile Pacemaker.

Hapa linazuka swali ambalo mhasibu yeyote angeliuliza: leja iko wapi? Kama kila seva ina leja yake, siku ya kupokezana zamu seva ya akiba itafungua kitabu cha jana. Njia mojawapo ya kulitatua ni kuiweka leja nje ya seva zote mbili, kwenye ghala la data la pamoja. Ni sawa na makarani wawili wanaoshika zamu kwenye kaunta moja, lakini daftari kuu ni moja na limewekwa kwenye kasha. Anayeingia zamu ndiye anayefungua kasha, na anayetoka hulifunga kwanza na kukabidhi.

KIBAO CHA “TUMEHAMIA”

Sasa programu nyingi zimezoea kutafuta vitu vyake mahali maalumu ndani ya seva yenyewe. Programu ya leja, kwa mfano, inataka daftari lake kwenye folda fulani ya ndani. Kuibadilisha programu kila mara ni kazi na gharama. Mafundi wana ufumbuzi mwepesi zaidi: mahali pale ambapo programu inatazamia kulikuta daftari, wanaweka kitu kinachoitwa simlinki, yaani kiungo kielekezi.

Kiungo hiki kilianza kupatikana kwenye mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotolewa mwaka 1983. Ni faili dogo mno. Ndani yake hamna hesabu wala jina la mteja. Kilichomo ni anwani tu: “unachotafuta kiko kule.” Wafanyabiashara wanakijua kitu cha namna hii. Duka likihama, mwenyewe hubandika kibao mlangoni kuelekeza wateja mtaa mpya. Mteja anayefuata kibao anafika dukani bila kuuliza mtu.

Ubaya wa kibao ni kwamba hakijui kama duka bado liko huko kinakoelekeza. Duka likifungwa, kibao kitaendelea kuelekeza vile vile. Kiungo kielekezi kina tabia hiyo hiyo. Ghala la pamoja likiwa halijaunganishwa na seva husika, kiungo huning'inia: kipo, jina lake linaonekana, lakini kinaelekeza mahali pasipo na kitu. Kwenye seva ya akiba hali hiyo ni ya kawaida, kwa kuwa ghala limefunguliwa upande wa pili. Hatari ni pale mtu au programu inaposahau kwamba hali ndiyo hiyo.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni wa daftari lililofunikwa. Ili seva itumie ghala la pamoja, huandaliwa folda tupu ambayo ghala “hupachikwa” juu yake. Ghala likiwa limepachikwa, unachokiona ndani ya folda ni vitu vya ghala. Likiwa halijapachikwa, folda hiyo ni sehemu ya kawaida ya diski ya ndani. Tuchukulie kwamba fundi, akiona kiungo kinaning'inia, anaunda folda ya jina lile lile ndani ya seva ya akiba ili “kuondoa tatizo”. Kuanzia hapo, programu ikiwashwa kwa bahati mbaya itaandika miamala kwenye diski ya ndani bila kulalamika. Siku ghala litakapopachikwa, miamala hiyo itafunikwa. Haikufutwa, lakini haionekani, na hakuna atakayejua iliko mpaka mteja aje na risiti mkononi.

Dawa yake si ghali. Folda tupu hufungwa ili pasiandikike kitu wakati ghala halipo, na programu hulazimishwa kuhakikisha kwanza kwamba ghala limepachikwa. Kwa biashara ya fedha, ni afadhali programu ikatae kuwaka kuliko iwake ikiwa na daftari lisilo lake.

Mtego wa pili ni kibao kugeuka duka. Baadhi ya programu, zinapobadilisha faili, haziandiki ndani ya lile la zamani. Zinaandika faili jipya pembeni kisha zinalisogeza na kuliweka mahali pa la kwanza. Kama mahali hapo palikuwa na kiungo, kiungo huondolewa na faili halisi hukaa mahali pake kwenye diski ya ndani. Tuchukulie kwamba kampuni ya udalali imeshusha ada yake kutoka asilimia 2 hadi asilimia 1.5, na badiliko hilo limeandikwa kwa njia hiyo kwenye seva ya zamu. Mambo yatakwenda vizuri kwa miezi. Siku zamu itakapohama, seva ya pili itasoma faili la ghalani, ambalo bado linasema asilimia 2. Wateja watatozwa ada ya zamani, na mhasibu atatafuta kosa kwenye vitabu wakati liko kwenye kibao kilichopotea.

Mtego wa tatu unahusu kazi za ratiba, kama vile kukokotoa riba usiku, kutuma taarifa kwa wateja au kufunga hesabu za siku. Kazi hizi huwashwa na saa ya seva. Ratiba ikiwa hai kwenye seva zote mbili, kazi inaweza kufanyika mara mbili. Ikiwa haimo kwenye seva iliyochukua zamu, haitafanyika kabisa. Mwanachama wa SACCOS aliyestahili riba ya sh. 10,000 anaweza kukuta sh. 20,000 au asikute kitu. Vyote viwili ni hasara, maana hata ile ya ziada itabidi irudishwe, na kurudisha fedha iliyokwisha kuonekana kwenye akaunti ya mtu ni ugomvi.

NANI ASHIKE KIBAO?

Kwa sababu hiyo, swali la msingi katika usimamizi wa viungo hivi ni nani mwenye mamlaka navyo. Njia ya kwanza ni kuviweka mara moja kwenye seva zote mbili na kuviacha vikae daima. Hii inafaa kwa daftari la data, maadamu programu inayolitumia haiwaki mpaka ghala liwepo. Njia ya pili ni kuikabidhi klasta yenyewe kazi ya kuweka na kuondoa kiungo. Pacemaker ina wakala maalumu kwa shughuli hii. Seva ikipokea zamu, wakala anaweka kiungo, ikitoka, anakiondoa. Njia hii inafaa zaidi kwa kazi za ratiba, kwani ratiba inakuwepo tu pale penye zamu.

Wakala huyo ana tabia moja ambayo mkaguzi wa hesabu angeipenda. Akikuta mahali pa kiungo pamekaliwa na faili jingine, hafuti chochote. Kwa kawaida hukataa kuendelea, na akiwa ameagizwa hivyo mapema, hulisogeza faili lile pembeni kwa jina jingine ili lisipotee. Kukataa huko kunaweza kuudhi usiku wa manane, lakini kunaonyesha mtego wa pili kabla haujala fedha za watu.

Pamoja na mamlaka, kuna utaratibu. Wakati wa kupokea zamu ghala hupachikwa kwanza, kisha kiungo huwekwa, ndipo programu huwashwa. Wakati wa kutoka mambo hugeuzwa: programu huzimwa, kiungo huondolewa, ghala hufungwa. Mpangilio huu lazima uandikwe ndani ya klasta. Ukiachwa kwenye kichwa cha fundi mmoja, siku yuko likizo klasta itawasha programu kabla ya ghala, na tutarudi kwenye mtego wa kwanza.

MAFAHALI WAWILI

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwenye klasta, balaa kubwa kuliko yote ni pale waya wa mawasiliano kati ya seva unapokatika huku zote mbili zikiwa nzima. Kila moja huona mwenzake kimya na kudhani amekufa. Kila moja hutaka kufungua ghala. Mifumo mingi ya kawaida ya kupanga mafaili haikuundwa ili ifunguliwe na seva mbili kwa wakati mmoja. Zikiandika pamoja, ghala huharibika, na hapo viungo vyote vinaelekeza kwenye kifusi.

Kinga ziko mbili. Ya kwanza ni akidi, kama ile ya mkutano mkuu wa wanahisa: upande usio na kura za kutosha hauna ruhusa ya kufanya uamuzi. Ndiyo maana klasta nzuri huwa na mpiga kura wa tatu, hata kama seva za kazi ni mbili. Ya pili ni kali zaidi. Seva inayotaka kuchukua zamu huikatia umeme ile nyingine kwanza, au kuifungia njia ya kufika ghalani, na haifungui ghala mpaka ipate uthibitisho. Wapo wanaoizima kinga hii kwa kuwa inasumbua wakati wa majaribio. Hao ni sawa na mtu anayeondoa breki ili gari liwe jepesi.

TURUDI TOKYO

Kilichotokea Tokyo hakikuwa kosa la kiungo kielekezi, lakini ni ndugu yake wa damu. Mitambo ya ghala la pamoja ilikuwa miwili. Kulikuwa na mpangilio mmoja wa kuamua kama mtambo wa pili uchukue kazi pale wa kwanza unapoanguka kwa hitilafu ya namna ile. Tabia ya mpangilio huo ilikuwa imebadilika katika toleo jipya la kifaa, lakini kitabu cha maelekezo kiliendelea kusema ya zamani. Mpangilio ukawekwa kwa kufuata kitabu, na haukujaribiwa ipasavyo dhidi ya hitilafu ya aina hiyo. Kampuni ya Fujitsu, iliyojenga mfumo, iliomba radhi hadharani.

Kwa lugha yetu, kibao kilisema duka lipo na mlango ulikuwa umefungwa. Fedha zilikwisha kutumika kununua mtambo wa pili. Kilichokosekana ni jaribio la kuuharibu wa kwanza kwa makusudi, siku isiyo ya soko, ili kuona kama wa pili utaamka.

Tukio hilo lina somo jingine kwa wafanyabiashara. Soko lingeweza kuwashwa upya siku ile ile, lakini oda za madalali zilikuwa zimeshaingia. Kuanza upya kungezifuta oda hizo na kuleta mkanganyiko wa nani amenunua nini. Wakuu wa soko waliona heri kufunga siku nzima. Kwa hiyo mpango wa kuamka baada ya kuanguka ni wa kompyuta na wa biashara kwa pamoja.

GHALA LA PAMOJA SI NAKALA YA AKIBA

Wengi huchanganya mambo haya mawili. Ghala la pamoja hukuokoa seva ikifa. Halikuokoi mtu akifuta daftari, kwa sababu daftari ni lile lile kwa seva zote. Tarehe 31 Januari, 2017 fundi wa kampuni ya GitLab, akidhani yuko kwenye seva ya pili, alifuta data kwenye seva kuu. Kati ya gigabaiti takriban 300 zilibaki 4.5 alipotambua na kusimamisha amri. Njia za kuhifadhi nakala zilikuwa kadhaa, lakini nyingi zilikutwa hazifanyi kazi, na kampuni ikapoteza data ya saa 6 hivi. Iliyowaokoa ni nakala iliyochukuliwa karibu saa 6 kabla kwa shughuli nyingine. Kampuni hiyo ilieleza yote hadharani na kuendelea na biashara. Oktoba 2021 iliingia soko la hisa la Nasdaq. Ukweli uliotolewa mapema haukuwafukuza wateja wote.

HESABU YA MWEKEZAJI

Watoa huduma hupenda kujisifu kwa asilimia. Mwekezaji azigeuze kuwa saa. Mwaka una saa 8,760. Huduma inayopatikana kwa asilimia 99.9 inaruhusiwa kulala takriban saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Asilimia 99.99 ni dakika 53 hivi. Asilimia 99.999 ni dakika 5 na ushei. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ya mkataba ni tofauti ya siku nzima ya kazi na muda wa kunywa kikombe cha chai. Uliza pia kama saa hizo zinahesabu matengenezo yaliyopangwa, maana mikataba mingi huyatoa.

Kabla ya kununua hisa za kampuni inayoishi kwa mitandao, au kabla ya kuiwekea SACCOS yako mfumo mpya, maswali haya yaulizwe kwenye mkutano mkuu au mezani kwa muuzaji:

1. Seva zenu zilipokezana zamu lini mara ya mwisho, na ilichukua dakika ngapi?

2. Jaribio hilo lilikuwa la kuzima kwa heshima, au mlichomoa waya na kuharibu kifaa kweli?

3. Mawasiliano kati ya seva yakikatika, nini kinazuia zote mbili kufungua ghala?

4. Kazi za usiku zinawashwa na nani, na mnajuaje kwamba haziwaki mara mbili?

5. Nani hukagua kwamba viungo na mipangilio kwenye seva ya akiba inalingana na ile ya zamu, na hukagua kila baada ya muda gani?

6. Nakala za akiba zimewahi kurejeshwa na kusomwa, au zinahesabiwa tu?

Si lazima uelewe kila neno la jibu. Sikiliza kama jibu lina tarehe. Meneja anayesema “tuna seva mbili” amekueleza alichonunua. Anayesema “tulizibadilisha zamu Jumapili ya pili ya mwezi uliopita, ikachukua dakika tatu, tukakuta kiungo kimoja kibovu na tumekirekebisha” amekueleza anachokisimamia. Huyo wa pili, hata akikiri kasoro, ndiye wa kumkabidhi fedha zako.